Jua Lililosingiziwa

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Nalitanguliza hili kwa sababu mengine nitakayoyaeleza yatamfanya aonekane mtu mbaya tu, na mimi sikumjua hivyo. Nilimjua kama kijana mrefu, mtaratibu, aliyeweza kukaa siku nzima na redio iliyovunjika mapajani mwake akaipuliza vumbi, akaigusa hapa na pale, mpaka ikaanza kukohoa na kusema. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kadhaa. Baba alipokufa mimi nikiwa bado shule ya msingi, yeye ndiye aliyekuwa akinisainia ripoti za shule.

Mimi nilikuja kuwa opereta wa simu katika ofisi moja mjini Machakos. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya ubao wa simu, vipokea sauti masikioni, nikiunganisha watu. Miaka ile ya tisini simu nyingi bado zilipitia kwa mtu kama mimi. Nilizoea kumtambua mtu kwa pumzi yake kabla hajasema jina. Kaka alikuwa akinitania kwamba nina masikio ya popo, na kwamba masikio kama hayo yanapotea bure kwenye simu za wakubwa wanaouliza kama gari limeshatoka Nairobi.

Yeye alikuwa amesomea mitambo ya mawasiliano chuoni, na tayari alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa. Hao ni watu wanaozungumza na wenzao hewani kwa mitambo yao wenyewe, kwa kupenda tu, bila biashara. Aliniletea vitabu, akanipima kwa maswali kila nilipoenda nyumbani, nikafanya mtihani wa serikali nikapita. Kwa muda mrefu nilikuwa karibu mwanamke pekee aliyesikika kwenye masafa yetu, na kila nilipoita, wanaume walinyamaza kwanza kama watu waliosikia hodi wasiyoitarajia.

Mwenye nyumba niliyopanga mjini alikataa waya juu ya paa lake, akisema utavuta radi. Basi kaka akaifunga antena nyumbani kwa mama, Muthetheni, kati ya mikalitusi miwili iliyokuwa mpakani mwa shamba. Redio ilikaa kwenye meza ya chumba cha mbele, ikitumia betri ya gari tuliyokuwa tukiichaji sokoni. Nilienda nyumbani kila mwisho wa juma, kwa hiyo haikunisumbua.

Kisha kaka akapata kazi kaskazini, Turkana, katika shirika moja la misaada. Alisimamia redio za kambi na za magari. Huku kwetu simu za mkono zilikuwa zimeanza kuonekana, watu wakipanda kilimani kutafuta mtandao, lakini kule aliko hakukuwa na kitu. Tukakubaliana kwamba kila Jumamosi saa kumi jioni nitamwita, naye atakuwa ananisubiri.

Mama hakuiamini redio hapo mwanzo. Aliona si adabu mtu kuzungumza na sanduku. Lakini siku aliyosikia sauti ya mwanawe ikitoka mle ndani, ikimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, umeshindaje?" aliweka chini ungo wa ndengu aliokuwa akipeta, akaja akakaa. Tangu siku hiyo Jumamosi zake zilibadilika. Alioga mapema, akafunga kitambaa kipya kichwani, kana kwamba kaka angemwona. Alijifunza kusema "ova" mwisho wa maneno yake, na akaizoea mno hivi kwamba wakati mwingine aliwaambia hata majirani, "Basi kesho tuonane kanisani, ova." Tulicheka sana. Kaka naye alicheka kule aliko, tukamsikia.

Kulikuwa na siku ambazo redio ilikataa. Ndipo kaka alipoanza kunielezea habari za jua, kidogo kidogo, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Aliniambia kwamba sauti zetu hazisafiri zikiwa zimeshikilia ardhi. Hupanda. Huko juu kabisa, mbali kupita mawingu, kuna hewa ambayo jua limeitia chaji ya umeme, na imejipanga kwa matabaka. Tabaka la juu hurudisha sauti chini, kama mpira unavyogonga dari na kurudi. Hivyo ndivyo neno lililosemwa Muthetheni lilivyoweza kuangukia Turkana bila kujali vilima vilivyo katikati. Lakini kuna tabaka la chini yake ambalo halirudishi kitu, lenyewe hunyonya. Kwa kawaida hunyonya kidogo tu, sauti ikapita. Jua likilipuka usoni mwake, mnururisho mkali usioonekana kwa macho hufika duniani pamoja na mwanga wake, kama dakika nane baada ya mlipuko, na lile tabaka la chini linakuwa zito ghafla. Upande wote wa dunia ulio mchana unaziba. Sauti inapanda, inanyonywa, haifiki darini.

"Na walio usiku?" nilimwuliza.

"Walio usiku hawajui lolote," alisema. "Wao hawaoni jua, mlipuko hauwagusi. Ova."

Aliniambia pia kwamba hali ile haidumu. Inaweza kuwa dakika chache, inaweza kuwa saa moja au zaidi, kisha masafa ya juu yanaanza kufunguka, na ya chini kama yetu yanafuata. Na kwamba wakati mwingine, siku moja au mbili baada ya mlipuko, hufuata dhoruba nyingine iliyorushwa na jua hilohilo, inayoweza kuvuruga mawasiliano kwa siku kadhaa. Miaka ile, mwanzoni mwa elfu mbili, jua lilikuwa limechafuka kweli. Lilikuwa na madoa mengi. Nilikuwa nikiwasha redio na kukuta hewa imelala kabisa, hata ule mvumo wa kawaida umepungua, na nikajua bila kuambiwa.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua za vuli, mama akaugua moyo. Alilazwa mjini, nikawa nikitoka kazini naenda kumlisha uji. Kaka nilimwambia redioni kwamba mama yuko hospitali lakini anaendelea vizuri, kwa sababu ndivyo daktari alivyokuwa akisema wakati huo. Baadaye daktari akabadilisha maneno. Akatuambia mimi na mama mdogo, yaani mdogo wake mama, kwamba moyo umechoka, na kwamba tumpeleke nyumbani apumzike mahali anapopapenda. Hakusema zaidi, lakini mama mdogo alielewa upesi kuliko mimi. Alianza kukunja nguo za mama palepale, bila kuuliza swali.

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake, Jumamosi, mama alikataa kubaki kitandani. Alituambia tumtoe tumkalishe karibu na redio. Tulimwekea mito kwenye kiti cha mbao. Alikuwa amekonda, na miguu yake ilikuwa imevimba, lakini alitaka kitambaa chake cha kichwani.

"Leo nitamwambia mwenyewe," alisema. "Msinisemee."

Kabla ya saa kumi niliwasha redio, na hewa ilikuwa imekufa. Nilizungusha huku na huku. Vituo vya mbali ambavyo saa zile husikika hata bila kuvitafuta havikuwapo. Mvumo wenyewe ulikuwa umeshuka kama moto uliomwagiwa maji. Nikamweleza mama kwamba jua limelipuka, tusubiri kidogo. Aliitikia kwa kichwa. Mama mdogo alimletea chai, akanywa kidogo, akairudisha.

Tukakaa. Baada ya muda, ule mvumo ukaanza kurudi. Nilisikia kituo kimoja kwa mbali, kikipotea na kurudi, kisha kingine. Nikaita kwa herufi za kituo cha kaka. Kimya. Nikaita tena. Mama akanyoosha mkono.

"Nipe mimi."

Nikamshikia maikrofoni karibu na mdomo na kumbonyezea kitufe. Alizungumza polepole, akipumzika katikati, kwa Kikamba, lugha aliyomlelea. Alimsalimu. Alimwuliza kama anakula vizuri na kama ile kofia aliyomfumia inamzuia jua. Kisha akamwambia: "Mwanangu, nimerudi nyumbani, lakini sikuja kukaa. Njoo nikuone. Usilete maneno mengi, njoo tu." Akakohoa, akangoja kidogo, akaongeza, "Ova."

Niliachia kitufe. Tukasikiliza.

Nilizoea kusikiliza kwa kazi, na nilisikiliza siku hiyo kama sijawahi kusikiliza maishani. Hakuna kilichotoka. Mama alirudia mara nyingine, kwa kifupi, kisha akachoka. Nikamwambia kwamba huenda upande wa kaskazini haujafunguka bado. Alisema, "Basi ni jua," kwa sauti ya mtu anayesamehe, tukamrudisha kitandani.

Jumapili nilijaribu tena, hola. Jumatatu nilienda mjini kazini kwa sababu moja tu, ile simu. Nikapiga ofisi ya shirika lake Nairobi. Msichana aliyejibu alikuwa mpole. Aliniambia kaka hayupo tena kambini. Jumapili asubuhi alipanda ndege kwenda kituo kipya ng'ambo ya mpaka, amepandishwa cheo, anaenda kufungua mtambo wa mawasiliano huko. Nikaacha ujumbe kwamba mama ni mgonjwa sana, aje. Mama alifariki kesho yake, kabla ujumbe haujamfikia.

Kaka aliwahi mazishi. Alikuja na vumbi la safari usoni, macho mekundu, akanikumbatia mbele ya jeneza mpaka nikahisi mbavu zangu. Nilimwambia habari za Jumamosi. Nilimwambia kwamba mama alimwita.

"Sikusikia kitu," alisema. "Kwangu iliziba tangu saa tisa, haikufunguka mpaka naondoka. Ningejua, dadangu, nisingepanda ile ndege."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Nilikuwa nimeishuhudia hewa ikiwa imekufa kwa masikio yangu mwenyewe. Nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Lakini ukoo haukumwonea huruma. Siku ya mazishi kulikuwa na minong'ono tangu asubuhi. Wajomba walikuwa wakiulizana ni mtoto gani wa kiume anayeitwa na mama yake anayekufa halafu anapanda ndege kwenda upande mwingine. Mmoja alisema kwa sauti, ili asikiwe, kwamba mshahara wa wazungu umemla masikio. Kaka alipopewa nafasi ya kuzungumza kando ya kaburi, alianza vizuri, kisha akasimama kidogo, akageuka akanitafuta kwa macho.

"Wazee wangu," alisema, "najua mnavyojiuliza. Siku ile jua lilifunga njia. Msinisikilize mimi. Mwulizeni dada yangu. Yeye ana leseni kama mimi, na yeye ndiye aliyekuwa hapa. Dada, njoo uwaeleze."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya watu wote wale, udongo mwekundu umerundikwa kando yangu, nikawaelezea habari za jua. Niliwaeleza matabaka, dari na mpira, na jinsi mlipuko unavyoziba upande wote wa mchana. Nilizungumza vizuri, kwa sababu nilikuwa namtetea mtu niliyempenda. Niliwaambia kwamba mtoto huyu alikuwa akisubiri sauti ya mama yake na sauti haikuweza kufika. Niliona nyuso za wajomba zikilegea. Mchungaji alichukua maneno yangu akayaweka katika mahubiri, akasema hata nguvu za angani haziwezi kututenga na upendo. Watu wakalia. Yule mjomba aliyesema habari za mshahara alimfuata kaka baadaye akamshika mkono kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo habari ile ikawa ya ukoo. Watoto walikua wakiisikia. "Bibi alimwita mjomba kwa redio, jua likazuia." Kila tulipokutana kumkumbuka mama, mtu aliniomba nieleze tena, nami nilieleza.

Miaka ikapita. Ubao wangu wa simu uliondolewa, wakaweka mashine, nikahamishiwa mapokezi. Kaka alirudi kutoka ng'ambo, akawa mkuu wa mawasiliano wa shirika lake Nairobi, akajenga Syokimau. Mimi nilibaki na redio ya Muthetheni, nikiiwasha nilipoweza.

Wapenzi wa redio tulikuwa na kawaida ya kwenda katika shule moja moja kuonyesha wanafunzi mitambo yetu. Mwaka mmoja tulienda Matuu. Tulifunga turubai uwanjani, tukaweka meza, wanafunzi wakapanga mstari kusikiliza watu wa nchi za mbali. Kati yetu alikuwapo mzee mmoja Mhindi wa Thika, aliyekuwa na duka la vipuri kabla ya kustaafu. Alikuwa hewani tangu zamani kuliko sisi wote. Sauti yake ilijulikana na kila mtu. Ilikuwa nyembamba na yenye subira, na alizungumza Kiswahili cha dukani kisicho na haraka. Tulikuwa tumezungumza redioni mara nyingi mno, lakini uso kwa uso ilikuwa mara ya kwanza.

Wanafunzi walipoenda kula chakula cha mchana, tulikaa sisi wawili kwenye viti vya plastiki, tukila maembe tuliyonunua barabarani. Alinipa pole ya mama, pole ya miaka mingi, akieleza kwamba hakupata nafasi ya kunipa ana kwa ana.

"Mimi nilisikia yeye," alisema. "Siku ile alikuwa anaita mtoto wake. Mimi nafahamu Kikamba kidogo, wateja wangu wengi walikuwa Wakamba. Nilisikia anamwambia njoo."

Nilimwambia nashukuru, na kwamba ni bahati mbaya jua lilikuwa limelipuka, kaka hakusikia.

Aliacha kutafuna. Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Hapana, mama," alisema. "Alisikia. Jua lilikuwa limelipuka mapema, kweli, lakini bendi ilikuwa imefunguka ile saa. Mimi nilimpata kaka yako mara tu baada ya mama kunyamaza, pale juu kidogo ya masafa yenu. Alikuwa anasikika safi sana. Nilimwambia, mama yako anakuita, mjibu. Akasema, 'Nimemsikia, nitamjibu sasa hivi.' Mimi nikaondoka kuwaachia nafasi. Miaka yote mimi nafurahi kwamba walizungumza."

Nakumbuka mikono yangu ilikuwa imejaa utomvu wa maembe, na kwamba nilienda kwenye bomba la shule nikainawa kwa muda mrefu. Mzee yule alikuja nyuma yangu, akasimama kwa mbali. Alikuwa ameelewa. Alisema taratibu, "Samahani, sikujua," nami nikamwambia kwamba hakuna kosa lake, na hilo lilikuwa kweli. Kisha wanafunzi wakarudi, nikaendelea kuwaeleza jinsi sauti inavyosafiri. Mmoja aliuliza kuhusu jua. Nikamwachia mzee ajibu.

Nilikaa na jambo hilo kifuani wiki kadhaa. Nilijaribu kutafuta njia ambayo mzee angekuwa amekosea, labda alichanganya siku, labda alizungumza na mtu mwingine. Lakini mtu mwenye masikio kama yale hachanganyi sauti, na mama hakuita tena Jumamosi nyingine baada ya ile. Isitoshe, nilikuwa nimevisikia vituo vya mbali vikirudi kwa masikio yangu. Hewa inayofunguka kwangu haiwezi kuwa imezibwa kwake. Sauti hupita njia ileile kwenda na kurudi, chini ya jua lilelile. Hayo yote alinifundisha yeye.

Jumapili moja nikaenda Syokimau. Nilimkuta na familia yake wametoka kanisani. Shemeji alinikaribisha vizuri, akaweka chai, watoto wakiwa mbele ya televisheni wakizungumza Sheng yao ambayo mimi huishika nusu. Nilipomaliza chai nilimwomba kaka anionyeshe tangi jipya la maji nyuma ya nyumba. Alijua tangi halinihusu. Alinifuata.

"Ulimsikia Mwaitu?" nilimwuliza.

"Lini?"

"Unajua lini."

Aliegemea tangi. Hakuuliza nimejuaje. Nilitegemea akatae, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa hata natamani akatae.

"Nilimsikia," alisema.

"Alisema nini?"

"Dada, wacha."

"Nataka unieleze alisema nini."

Akayasema. Aliyasema yote, kwa Kikamba, kwa mpangilio uleule, salamu, chakula, kofia ya kufuma. "Nimerudi nyumbani, lakini sikuja kukaa. Njoo nikuone." Alisema hata pale alipokohoa. "Halafu akangoja," alisema, "akasema ova."

Nilikaa kwenye tofali.

"Ndege ilikuwa inaondoka asubuhi," alisema. "Ile kazi nilikuwa nimeiomba muda mrefu, na kulikuwa na mwingine aliyekuwa anaitaka. Ningemjibu neno moja tu, nisingepanda."

"Basi usingepanda."

"Ndiyo. Nilikaa na maikrofoni mkononi. Nikasema atapona, si alikuwa ametoka hospitali? Nikasema nitamwita wiki ijayo kutoka kule. Hewa ilikuwa imeziba mchana ule, kila mtu alijua imeziba. Nikaona hakuna atakayeuliza."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Pale kaburini. Ungeweza kusema uongo wako mwenyewe ukaisha. Kwa nini uliniita mimi nisimame?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo niliona aibu usoni mwake. Alikuwa na sura ileile ya wakati alipokuwa kijana akiniletea vitabu.

"Kwa sababu wewe wangekuamini," alisema.

Ndani ya nyumba watoto walikuwa wakicheka. Alisema samahani, na nadhani alimaanisha. Aliniambia kwamba kuna siku anapowasha redio kazini na kuisikia sauti ya mama katikati ya mvumo. Sikuwa na la kumfanyia kuhusu hilo. Nilimwomba kitu kimoja tu, aende kwa mama mdogo amwambie kwa mdomo wake, kwa kuwa mama mdogo alikuwa amekaa nasi siku ile, akishika kikombe cha chai. Aliahidi atakwenda Pasaka.

Pasaka alikwenda kweli. Alimpelekea unga na blanketi, akazungumza naye kuhusu kuchimba kisima, akarudi Syokimau. Nilijua kwa sababu nilienda kesho yake, na mama mdogo alikuwa akinionyesha blanketi kwa furaha.

Basi nikamwambia mimi. Nilimweleza polepole, kuanzia Matuu mpaka lile tangi. Alinisikiliza akichambua mbaazi, na vidole vyake havikusimama. Nilipomaliza akaniuliza ni nani mwingine anayejua.

"Hakuna," nilisema.

"Basi iishie hapa kwangu."

"Mama mdogo, nilisimama mbele ya watu wote nikadanganya bila kujua."

"Najua. Nilikuwepo." Aliyapepeta makapi kwa pumzi. "Sikiliza. Wewe unataka ukweli, na sikukatazi kuutaka. Lakini huyu ndiye mwanamume tuliye naye. Mimi niko na wasichana hawajaolewa, niko na mashamba yenye mipaka ya kugombaniwa. Nani atatusimamia? Dada yangu hatafufuka nikimchukia mtoto wake. Jua halina mtoto wala mjukuu, wacha libaki na lawama."

Nilikuja nikitegemea alie nami. Nilipotoka pale niliona kwamba kila mtu alikuwa na haja ya ule uongo isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimeujenga. Sikumwambia mtu mwingine wa ukoo. Siwezi kusema nilifanya hivyo kwa wema. Nilichoka tu.

Jambo linaloniuma, hata sasa, si ndege. Kijana aliyelelewa kwenye ukame kama sisi, akapata nafasi, akaogopa kuipoteza. Hilo naweza kulitazama. Hata ule ukimya wake naweza kuuelewa siku nyingine nikiwa nimetulia. Linaloniuma ni kwamba alichukua kitu alichonipa mwenyewe kwa upendo, Jumamosi baada ya Jumamosi, akakitumia kujifichia, akanisimamisha mimi mlangoni. Sijawahi kumweleza hivyo. Tunazungumza kwa simu ya mkono siku hizi, inasikika vizuri. Ananiuliza kama mvua imefika, nami namwambia imenyesha Kithyoko lakini kwetu bado.

Mwaka jana binti wa kwanza wa mama mdogo alichumbiwa, na wageni wakaja na mbuzi wa ntheo, mahari ya kwanza, kama desturi yetu inavyotaka. Kaka ndiye aliyeusemea upande wetu. Alizungumza vizuri sana, bila haraka, akijua lini atanie na lini akaze sauti, na wageni walimheshimu. Mama mdogo alikuwa amekaa nyuma yake, mikono mapajani, uso umemng'aa. Nilikuwa jikoni na wanawake wengine. Mtu alisema msemaji hajapewa chai, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na birika, nilimimina, nikampelekea.

"Asante, dadangu," alisema mbele ya watu.

"Karibu," nilisema, nikarudi jikoni.